Brekpedi za gari ya zamani: usinunue kwa jina la gari, nenda na ile kuukuu mkononi

Ukiingia duka la spea hapa Mtwara mjini ukasema tu "nipe brekpedi za Corolla 110", utapewa, hutakosa. Muuzaji atageuka, atavuta boksi, atalifuta vumbi na kiganja, atakwambia "hii ndo yenyewe njomba", wewe unalipa unaondoka na amani yako. Shida inaanza kwa fundi chini ya mwembe, gari iko juu ya jeki, tairi imelazwa pembeni, pedi za zamani zishatolewa na moja fundi ameshaitupa huko mchangani, alafu mpya haziingii. Yale masikio ya pedi, zile ncha mbili za bati pembeni, mapana kuliko nafasi yake kwenye kalipa, kile kibano kinachoshika pedi, kwa kama milimita mbili hivi. Saa kumi na moja na nusu jioni, duka linafungwa, fundi anakuangalia na wewe unamwangalia, alafu anatamka: "tunazipitisha grenda kidogo, zitakaa."

Mimi nilikubali na kweli zilikaa. Wiki tatu mbele kila nikikanyaga breki nasikia "ko!" mbele kulia, nikadhani ni bushi, nikabadilisha bushi, ko ikabaki palepale. Fundi mwingine alivyofungua akakuta sikio moja limekatwa kuliko lenzake, pedi inacheza ndani ya kalipa kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na imeliwa upande mmoja tu. Nikanunua seti ya pili. Ya tatu ntaisimulia huko chini maana ile ilitaka kuniondoa duniani. Seti tatu ndani ya mwaka mmoja, kwenye gari ya mwaka 1998 ambayo injini haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Kwaiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya aina gani, kabla ya bei: toa pedi ya zamani, ifunge kwenye kigazeti, nenda nayo dukani. Kama huwezi kuliacha gari juu ya jeki, ipige picha mbele na nyuma ukiweka rula pembeni, urefu, kimo, upana wa masikio, na vile vitundu au vinundu vya bati la nyuma viko wapi. Dukani weka ya zamani juu ya mpya, bati kwa bati, shika zote mbili uziinue usawa wa jicho uangalie kwenye mwanga. Zikifanana mzunguko mzima na masikio yakakaa juu ya masikio, sawa. Ikizidi hata kidogo, rudisha boksi, usione aibu, muuzaji ataguna lakini hela ni yako.

Sababu ya usumbufu wote huu ni kwamba jina la gari halisemi kitu. Hiyo "110" tunayoiita sisi ni familia nzima, kuna AE110, kuna AE111, kuna EE111 ya injini ndogo, kuna CE110 ya dizeli, na zilitengenezwa kuanzia 1995 na kuendelea. Breki za mbele hazilingani zote, na nyuma nyingi zina dramu ila ziko chache zina diski. Ukiongeza miaka ishirini na kitu ya maisha ya Tanzania juu yake ndo unachanganyikiwa zaidi, maana mwenye gari wa kwanza aliigonga akabadilisha nako la kulia (lile chuma linaloshika kitovu cha tairi) kutoka kwenye hafukati, ile nusu gari inayokatwa kuuzwa spea, wa pili akabadilisha kalipa kwa sababu raba zilikufa, wa tatu ndo wewe na hujui lolote. Nimeshaona gari kulia ina kalipa moja na kushoto ina kalipa nyingine kabisa. Hiyo hata uende Japani kwenyewe ukaulize kwa jina la gari hupati pedi zake. Ndo maana nasema toa pedi za pande zote mbili ulinganishe kwanza zenyewe kwa zenyewe.

Baada ya hapo ndo chesisi namba inakusaidia. Fungua boneti, angalia kile kibati kilichopigwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, utaona herufi kama AE110 alafu kistari alafu tarakimu saba. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu kumi na saba, usihangaike kuitafuta. Duka lenye mtu anayejua kazi atatafuta kwa hiyo chesisi kwenye simu apate namba ya spea. Kwa Toyota namba za pedi za mbele zinaanza na 04465, pedi za nyuma kama gari ina diski nyuma zinaanza na 04466, na brekshuu za dramu zinaanza na 04495. Hii ndogo tu lakini inaokoa, maana ukiona boksi limeandikwa 04466 na wewe unataka za mbele, muuzaji anakuuzia alichonacho, sio unachotaka. Tarakimu tano zinazofuata baada ya kistari ndo zinatofautisha modeli na modeli. Na hata namba ikikubali, bado weka ya zamani juu ya mpya, kwa sababu ya yale mambo ya hafukati.

Alafu kabla hujatoa hela, soma zile za zamani. Watu wengi wanazitupa, mimi nazipanga nne kwenye gunia kama mtu anayepanga samaki fungu, za kulia huku za kushoto kule, ya ndani na ya nje. Zikiwa zimeisha sawa zote nne basi breki zako ni nzima na kazi yako ni kubadilisha pedi tu. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, kalipa haitelezi kwenye pini zake, au pistoni, ile inayosukuma pedi, hairudi. Ikiliwa mshazari kama kabari, mara nyingi ni pini moja imeganda na nyingine inafanya kazi. Upande wa kulia ukiwa umeisha na wa kushoto bado, kuna kalipa moja imekufa au paipu ya mpira imejiziba kwa ndani, na gari lazima ilikuwa inavuta upande ukikanyaga, ulikuwa unajifanya huoni. Ukiwa na hali hiyo ukanunua pedi hata za dhahabu, zitakwisha vilevile walivyokwisha wenzake.

Na sisi watu wa pwani hii kitu inatuhusu kuliko mtu wa Iringa. Gari inayolala Shangani au Mikindani inapumua chumvi usiku kucha. Asubuhi ukiwasha unasikia "grrr" ya kwanza, hiyo ni kutu ya usiku kwenye diski inajifuta, hiyo haina shida. Shida ni kutu usiyoiona, ya kwenye pini za kalipa pale vimipira vilipopasuka, na ya kwenye bati la pedi. Pedi za bei ya chini bati lake limepakwa rangi juujuu tu, kutu inaingia kati ya bati na lainingi (ile sehemu inayosugua diski), inavimba, inainyanyua lainingi taratibu mpaka inabanduka kama rangi ya mtumbwi. Nimewahi kushika pedi ambayo lainingi yake bado ilikuwa nene milimita saba na ilikuwa inatoka kwa kidole. Mtu anaangalia unene tu anasema bado sana. Kwaiyo ukikagua, angalia ule mstari lainingi inapokutana na chuma, ukiona ufa au kutu imejaa pale hiyo pedi imekufa hata kama ni nene.

Unene wenyewe: pedi mpya nyingi za gari ndogo lainingi yake ni kama milimita kumi hivi, bila bati. Ikifika milimita tatu anza kutafuta hela. Ikifika mbili usisubiri mwisho wa mwezi. Kuna kile kibati kidogo kilichokunjwa kwenye baadhi ya pedi, kazi yake ni kugusa diski na kupiga mluzi pedi ikikaribia kuisha, na kuna watu nawafahamu wanakwambia "breki zinalia zina vumbi" miezi miwili. Zikiacha kulia zikaanza kusaga, hapo ni chuma kwa chuma na unatafuta pedi na diski pamoja.

Sasa aina. Dukani hawatakwambia, watakwambia "hii ya Japani, hii ya Thailand, hii ya China", kama vile nchi ndo lainingi. Ukweli lainingi ziko za namna tatu kwa gari zetu. Kuna zile za ogani, laini, zimechanganywa nyuzinyuzi na gundi na vitu kibao, hazilii, hazili diski, zinashika vizuri zikiwa za baridi, ila zinaisha mapema na zikipata moto mkali zinalegea. Kuna semimetali, zina chuma nyingi ndani, ukiangalia kwa karibu unaona vimetameta kama mchanga wa pwani, zinavumilia joto na mzigo ila zinapiga kelele, zina vumbi jeusi na zinakula diski. Na kuna seramiki, ghali kidogo, kimya, vumbi lake jepesi, zinadumu.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo maana hili nililijua nikacheka peke yangu. Yale mafuta makali ya ganda la korosho, yale ambayo mama zetu wanaobangua yanawachubua vidole mpaka wanapaka majivu, yanatengenezewa unga wa kuweka ndani ya lainingi za breki. Yanapikwa yanagandishwa, yanasagwa, na ule unga unasaidia pedi ishike bila kelele na isiharibike haraka na joto. Ni jambo la miaka mingi sana kwenye viwanda vya breki duniani. Na korosho yetu nyingi inaondoka ghafi na maganda yake kwenda India na Vietnam, kwaiyo inawezekana kabisa ganda la Tandahimba limezunguka huko limerudi kwenye boksi unauziwa pale sokoni. Basi turudi kwenye pedi.

Kwa gari ya zamani inayozunguka mjini, Ligula, Chuno, soko kuu, mara mojamoja Lindi, mimi nachukua ya ogani nzuri au seramiki kama hela ipo, karibu na ile gari ilivyotoka nayo kiwandani. Watu wanapenda kusema "chukua ngumu ndo inadumu", sio kweli kwa gari yetu. Ngumu inadumu yenyewe alafu inaimaliza diski, na diski ya gari ya 1998 ni ghali kuliko pedi na mara nyingine mpaka uagize Kariakoo ije kwa basi. Diski ikiwa nyembamba na laini tayari alafu ukaibana na semimetali ngumu, unahamisha tu gharama kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Ila kama gari inabeba magunia msimu wa korosho, au unapanda Newala na kushuka kila wiki, au ni Noah ya abiria, hapo semimetali ya wastani ina maana yake, ukubali kelele na ukubali kubadili diski mapema.

Kwenye pedi nyingine, pembeni ya lainingi au nyuma ya bati, utaona herufi mbili mwishoni mwa mstari wa namba, kama EE, FE, FF, GG. Zile ni kiwango cha kushika. Ya kwanza ni ikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili ni ikiwa imepata moto. E ni 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Ukiona FE maana yake inashuka ikipata moto, FF inabaki ilivyo. Kwa gari ndogo FF inatosha kabisa. GG inashika sana, lakini kwenye gari ya zamani yenye shoki zimechoka na tairi zimepitwa na wakati, mvua ikinyesha utalijutia. Na herufi hazisemi kama pedi itadumu au itapasuka, zinasema kushika tu. Ukiona pia kiduara chenye E kubwa na namba ndogo, alafu pembeni imeandikwa 90R na tarakimu zake, hiyo imepimwa kwa kanuni ya Ulaya ya pedi za kubadilishia, inayotaka pedi mpya isipishane sana na ya asili kwa kushika. Hizo mbili, herufi na 90R, zikikosekana zote na hakuna hata namba ya kundi la uzalishaji kwenye bati, mimi siichukui hata nipewe bure.

Feki zipo, tena boksi zuri kuliko la orijino. Usiangalie boksi, boksi linachapishwa popote. Toa pedi. Zote nne ziwe na maandishi yaleyale yamechapwa sawa, sio moja imepinda. Bati liwe limenyooka, uweke juu ya kioo cha kaunta uone kama linayumba. Pitisha kucha kwenye ukingo wa lainingi, ikimeguka kama biskuti rudisha. Pawe na kibati chembamba au raba ya kuzuia kelele nyuma, na isiwe ya kubandikwa kwa gundi ya viatu. Muuzaji wangu wa saivi, mzee mmoja mtulivu, siku moja nilimuuliza moja kwa moja.

"Mzee wangu, hii na hii zinatofautiana nini, mbona bei inapishana mara mbili?"

Akachukua ya bei rahisi akaigonga kwenye ukingo wa meza, ikadondosha unga mweusi kidogo kwenye daftari lake la madeni. Akaupuliza. "Hiyo ndo tofauti, mwanangu. Chagua."

(Asingeupuliza ingekuwa bora zaidi. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, hasa la pedi usizojua zimetoka wapi, maana zamani lainingi zilitengenezwa kwa asbesto na kwenye gari kuukuu na spea za kuokoteza huwezi kujua. Asbesto inakaa kwenye mapafu. Lowesha na maji ya sabuni, futa na kitambaa, kitambaa tupa.)

Za mtumba kutoka kwenye hafukati, hapana. Kalipa ya mtumba sawa, diski ya mtumba ukiipima sawa, pedi ya mtumba imeshazoea diski ya mwenzake na hujui imepata moto mara ngapi. Zile za kubandikisha lainingi upya mtaani kwa gari ndogo nazo hapana.

Diski sasa, kwa haraka. Pitisha kidole kwenye ukingo wake wa nje, ukisikia kimeinuka kama ukingo wa sahani, imeliwa. Kwenye mwili wa diski pamechapwa MIN TH na namba ya milimita, safisha kutu na msasa utaiona. Huo ndo unene wa mwisho, chini ya hapo ni kubadilisha. Pima kwa venia, ile rula ya kubana, ila weka sarafu moja kila upande maana ule ukingo ulioinuka utakudanganya, alafu toa unene wa sarafu zote mbili. Ikiwa na mifereji au usukani unatetemeka ukifunga breki, peleka kwa fundi wa leizi aichonge, mradi ikitoka pale bado iko juu ya ile MIN TH. Pedi mpya kwenye diski yenye mifereji inagusa kwenye matuta tu, wiki ya kwanza utasema pedi ni mbovu.

Kubadilisha kwenyewe fundi anajua, lakini simama pale. Simama kabisa, usiende kunywa chai. Hakikisha zinabadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, sio moja iliyoisha. Pini za kalipa zitolewe, zisafishwe mpaka zing'ae, zipakwe grisi ya silikoni au ile maalum ya breki, sio ile grisi ya kawaida ya kwenye kopo kubwa wanayopaka kwenye bolijointi, hiyo inavimbisha vimipira na baada ya miezi miwili pini imeganda tena. Hapa ndo mafundi zetu wengi wanaponzeka, na sio kwa ubaya, grisi anayo moja basi anatumia hiyo. Nenda na grisi yako. Kabla ya kurudisha pistoni ndani afungue kifuniko cha brekfluidi aangalie kiwango, isije ikamwagika ikabandua rangi ya gari. Vibati vya kwenye mabano ya kalipa visuguliwe na brashi ya waya, pedi iteleze kwa mkono, isigongwe na nyundo. Pedi inayoingia kwa nyundo haitoki kwa breki.

Nyuma kama ni dramu, zikaguliwe siku hiyohiyo. Brekshuu zikiwa zimelegea hazijarekebishwa, mbele inafanya kazi peke yake na ndo hapo unasema "pedi zangu zinaisha haraka sijui kwanini".

Brekfluidi nayo inanyonya unyevunyevu wa hewa, na hewa yetu unaijua. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205 kwenda juu, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Angalia kifuniko kimeandikwa nini ufuate, badilisha yote kila miaka miwili, na usichanganye na DOT 5 ya silikoni. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikabaki nusu, mwaga.

Ukishamaliza, kabla ya kuingiza gia pampu pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni imerudishwa ndani kwaiyo kanyago la kwanza linaenda mpaka chini bila kushika kitu. Jirani yangu alisahau, akarudi rivasi nje ya geti akasimama kwenye banda la kuku la shemeji yake, kuku wawili na maneno ya mwaka mzima.

Alafu zizoeshe. Asubuhi mapema barabara ikiwa tupu, kama ile ya kwenda uwanja wa ndege, fika hamsini kwa saa, shika breki wastani mpaka kumi bila kusimama kabisa, achia, endesha kidogo zipoe, rudia kama mara kumi. Lainingi inajipaka kwenye diski taratibu. Usikanyage kwa nguvu na usisimame umekanyaga zikiwa za moto. Kilometa mia mbili tatu za mwanzo nenda nazo kistaarabu.

Mimi hilo sikulifanya na seti ya tatu. Nilinunua za bei ya chini, boksi zuri, zikaingia bila grenda nikafurahi, kesho yake nikapanda Newala msibani. Kwenda hakuna shida, kupanda kunataka injini tu. Kurudi tulipitia upande wa Masasi, tuko watano na mizigo, na ule mteremko wa kutoka juu unaujua, ukisimama pale Shimo la Mungu ukiangalia bonde ndo unaelewa unashuka kutoka wapi. Gia ni za otomatiki, nimeweka D, nashika breki muda wote. Katikati ya mteremko nikasikia harufu kama ya klachi inayoungua, nikakanyaga, pedali ngumu kama kawaida ila gari haishiki. Nikakanyaga kwa miguu miwili, inapungua kidogo tu. Hiyo pedali kuwa ngumu na gari kutoshika ni pedi zimezidiwa na joto. Ingekuwa laini inazama mpaka chini ni brekfluidi imechemka. Kwa wakati ule sikuwaza hayo, nilishusha kwenye 2, injini ikalia, nikashusha L, gia ya chini kabisa, handibreki nikaivuta pole pole, nikaiegemeza gari kwenye kingo ya udongo upande wa mlimani ikasimama.

Mama mdogo nyuma, kimya muda wote, akauliza, "Baba, tushuke?"

Tulishuka. Diski inafuka moshi, kijana mmoja pale akaleta dumu la maji amwage, nikamwambia hapana asante, maji kwenye diski ya moto inapinda au inapasuka palepale. Tukakaa kama dakika arobaini tunakula mihogo ya kuchoma, alafu tukashuka iliyobaki yote kwenye L, breki naigusa tu na kuachia. Mtwara nilivyozitoa zile pedi zilikuwa zinang'aa kama kigae na pembeni zimepasuka nyufa mbili. Kilometa hazikufika mia tano.

Baada ya hapo nilitafuta zenye FF na 90R, nikalipa mara mbili ya bei, pini nikazisafisha mwenyewe. Saivi mwaka wa pili, mwezi uliopita nilipima bado milimita sita, zote nne. Nimekata kile kipande cha boksi chenye namba ya spea nimekibandika na selotepu ndani ya mfuniko wa dashibodi, na pedi moja kuukuu iko kwenye buti, imefungwa kigazeti, chini ya spea tairi.